Winchi ya Motokaa na Duara la Jahazi

Leo nataka kusema nanyi juu ya chombo ambacho wengi wenu mmekiona mbele ya motokaa za mashamba, nacho ni winchi. Watu wa pwani hawahitaji kufunzwa sana habari zake. Lile duara la jahazi, gogo lizungushwalo na mabaharia ili kung'oa nanga, ndilo mzazi wa winchi. Tofauti ni kwamba hii ya motokaa ni ngoma ya chuma iliyozungushiwa kamba ya waya, na mahali pa mabaharia pana mota ndogo ya umeme inayokula nguvu za betri.

Kisiwa chetu cha Pemba ni vilima na mabonde. Njia kubwa zimetiwa lami, lakini njia za kuingia mashambani ni za udongo, na katika masika udongo ule huteleza kama sabuni. Hapo motokaa yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne nayo huweza kushindwa.

Masika moja nilipanda motokaa ya namna hiyo usiku, tukimpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Tulipofika bondeni magurudumu yakazama. Dereva hakuwa na wasiwasi, maana alikuwa na winchi mpya, naye aliitazama kama bwana harusi atazamavyo kanzu yake. Tukaivuta kamba, tukaifunga kwenye mwembe, akabonyeza kitufe. Kamba ikakaza, ikalia. Kisha tukasikia mshindo. Motokaa haikusogea hata shibiri moja. Kilichokwenda kwenye mwembe ni winchi yenyewe, pamoja na bampa lote lililoishika. Kwa bahati tulikuwa tumesimama kando. Yule mama tulimchukua juu ya kitanda mabegani mpaka njia ya lami, na mtoto alizaliwa kabla hatujafika huko.

Kosa lilikuwa nini? Winchi ile ilikuwa nzima. Fundi aliifunga juu ya bampa kwa bolti nne, na bampa ni bati lililokunjwa ili kupokea migongano midogo. Halikufanywa kubeba uzito wa motokaa. Nguvu ya kamba hutafuta mahali palipo dhaifu kuliko pote, na hapo ndipo hukatika. Mjenzi wa jahazi aliyajua haya zamani. Hakupigilia duara juu ya mbao za sitaha peke yake, bali alilishikamanisha na boriti na mataruma, ili mvuto wa nanga uenee katika chombo kizima.

Motokaa nayo ina mataruma yake. Chini ya mwili wake mna nguzo mbili za chuma zilizolala tangu mbele hata nyuma, nazo huitwa chasisi. Basi winchi hukazwa juu ya bamba nene la chuma, na bamba lile hukazwa katika nguzo zote mbili, si moja. Bolti ziwe zile zilizopigwa alama 8.8 kichwani, ambazo chuma chake ni kigumu; usiokote bolti yo yote katika kopo la fundi kwa sababu tu imeingia tunduni. Na kama bamba linaunganishwa kwa kuchomelea, nyaya za betri zifunguliwe kwanza, maana umeme wa kuchomelea huweza kuharibu vyombo vya umeme vya motokaa za siku hizi. Tena angalia winchi isiizibe rejeta, na ukumbuke kwamba winchi yenye kamba ya waya ni mzigo mzito, hivyo springi za mbele huenda zikalegea zikataka kutiwa nguvu.

Ukubwa wake nao una kanuni. Chukua uzito wa motokaa pamoja na mizigo yake, uongeze nusu yake. Land Rover au Land Cruiser yenye tani 3 itataka winchi ya tani 4 na nusu, yaani kadiri ya ratli 10,000, na ratli ndizo zinazoandikwa juu ya winchi nyingi. Mtu atauliza, nusu ile ya nini? Ni ya matope. Motokaa iliyozama magurudumu hushikwa na matope kwa nguvu ipatayo uzito wake wote, na ikizama zaidi hushikwa zaidi. Isitoshe, nguvu iliyoandikwa hupatikana pale kamba inapokuwa imebaki tabaka la kwanza tu juu ya ngoma. Kila tabaka likiongezeka, ngoma huwa nene na nguvu hupungua.

Kwa hiyo msidharau kapi. Kamba ikipitishwa katika kapi lililofungwa mtini, na ncha yake ikarudishwa kwenye motokaa, mvuto huwa karibu mara mbili, na mwendo huwa nusu. Ni hesabu ile ile ya kupandisha tanga.

Mota ya winchi ikivuta kwa nguvu zake zote huweza kula ampea 400 na zaidi. Nyaya zake ziwe nene, zifunikwe mpira mahali zinapopita karibu na chuma, na injini iachwe ikiunguruma ili betri isife. Vuta kidogo, pumzisha, vuta tena.

Katika kuvuta, ibaki mizunguko mitano ya waya juu ya ngoma, la sivyo kamba itachomoka. Weka gunia zito au blanketi juu ya kamba, kwani waya ukikatika hurudi kama mjeledi, na watoto, ambao hupenda sana tamasha hili, wasimame mbali kuliko urefu wa kamba. Mti uzungushiwe mkanda mpana, chini karibu na ardhi. Mwembe hufaa. Mnazi hauna mzizi mkuu wa kuushika ardhini. Mkarafuu usiuguse: tangu tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, miti hii ndiyo mali ya Pemba, nayo ikikatwa ganda kuzunguka shina hufa. Mwenye shamba atakuwa na haki ya kukukasirikia.

Motokaa ile ya bondeni ilirudishwa kwa fundi mwingine. Alitia bamba jipya, akalikaza katika chasisi, akaisafisha winchi ile ile na kuifunga tena. Masika yaliyofuata nilipita naye dereva yule bondeni pale pale, tukazama, tukafunga mkanda kwenye mwembe ule ule. Safari hii motokaa ndiyo iliyoufuata mti.