Jibu la Mmoja ni Nusu ya Jibu: Tupime Sikoseli Kabla ya Kupanga Mtoto

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakaazi wa wadi ya Mountain View, eneo bunge la Westlands

  Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika na kutangaza habari za kaunti. Wahudumu wetu wa afya wako hapa, nikiteleza watanirekebisha. Nimeomba nisimame mwenyewe leo kwa sababu jambo hili limepita nyumbani kwangu.

Mwaka mmoja kabla ya harusi yangu, rafiki anayeishi ng'ambo aliniletea kifurushi cha kujipimia nyumbani. Ndani mlikuwa na kichupa. Unatema mate, unafunga, unatuma kwenye maabara iliyo nje ya nchi, kisha unangoja majibu kwa barua pepe. Niliona ni mchezo wa kisasa tu. Baada ya wiki 6 majibu yakafika, kurasa nyingi za Kiingereza kigumu, zikitaja magonjwa ambayo sikuwahi kuyasikia. Karibu kote nilikuwa salama. Mstari mmoja ukasema mimi ni mbebaji wa selimundu, ugonjwa huu tunaouita sikoseli.

Nilikaa na barua hiyo siku 19 bila kumwambia mchumba wangu. Sikuwa na wa kumuuliza maana yake, na niliogopa kwao watasema kijana wao anawaletea mgonjwa. Siku niliyomwambia tulikuwa ndani ya matatu, Waiyaki Way, foleni haisongi. Alicheka. Akasema, "Usijali, mimi damu yangu ni grupu O, haina shida."

Hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa hiyo nianzie hapo. Grupu ya damu, yaani A, B, AB au O, ni jambo moja. Sikoseli ni jambo lingine kabisa. Sikoseli inahusu himoglobini, kile kitu kilicho ndani ya chembe nyekundu za damu kinachobeba hewa safi mwilini. Kila mtu hurithi maagizo mawili ya kutengeneza himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukipata mazima mawili, wewe ni AA. Ukipata zima moja na lenye kasoro moja, wewe ni AS, yaani mbebaji. Ukipata yenye kasoro mawili, wewe ni SS, na huo ndio ugonjwa. Chembe za damu hujikunja kama mundu wa kukatia nyasi, hukwama kwenye mishipa, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, hupungukiwa damu na hushikwa na maambukizi kwa urahisi.

Mbebaji si mgonjwa. Anakula, anafanya kazi, anazeeka kama wengine. Ndiyo maana hajijui.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa watu wa ziwani na wa Pwani, sisi wa Nairobi haituhusu. Ukweli wake ni nusu. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za jamii mbalimbali nchini. Karibu na Ziwa Victoria na Pwani alikuta jamii ambazo wabebaji walifikia mtu 1 kati ya 5 au zaidi. Nyanda za juu walikuwa wachache sana. Mwaka 1954 alichapisha sababu: mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo palipokuwa na malaria nyingi, wabebaji walisalimika na kuzaa. Lakini hiyo ni ramani ya mababu zetu. Barabara iliyo hapo mbele inakwenda Nakuru na kuendelea hadi Kisumu na Busia, na kila wiki inatuletea jirani mpya. Watu wanahama na damu yao. Wanaoana Kangemi, wanazaa Kangemi.

Sasa hesabu. Chukueni sarafu ya shilingi 10, yenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Tuseme simba ni lile agizo lenye kasoro. Baba AS anarusha yake, mama AS anarusha yake. Simba mbili zikitokea pamoja, mtoto ni SS. Hiyo ni nafasi 1 kati ya 4. Simba moja, mtoto ni mbebaji kama wazazi, nafasi 2 kati ya 4. Nembo mbili, mtoto ni AA, nafasi 1 kati ya 4. Na kila mimba sarafu zinarushwa upya. Hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Wapo wazazi waliopata watoto watatu wazima, na wapo waliopata wagonjwa wawili wakifuatana.

Mkiangalia sarafu hizo mtaona jambo lingine: simba mbili hutoka kwa watu wawili. Nimesikia akina mama wakilaumiwa kwamba wameleta damu mbaya ukoo, wengine wakatajiwa uchawi, wengine wakarudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni. Mama peke yake hawezi kuzaa mtoto wa SS. Wazee, naomba neno hili mlifikishe mezani kwenu.

Ndiyo maana kifurushi changu kilinipa nusu ya jibu. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya damu ya mwenzangu. Alikwenda hospitalini, akatolewa damu kidogo, akarudi kimya. Naye ni AS.

Kuhusu vipimo, nawaomba mshike mambo manne.

Kwanza, kwa sikoseli huhitaji kutuma mate ng'ambo. Kipimo cha damu kinatosha. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, useme, "Nataka kujua hali yangu ya sikoseli kabla ya kuzaa." Kama hawana kipimo, omba rufaa ya kwenda hospitali kubwa.

Pili, uliza umepimwa kwa njia gani. Kuna kipimo cha haraka ambacho damu huchanganywa na dawa na kuangaliwa kama imefanya ukungu. Hicho husema kasoro ipo au haipo, lakini hakitofautishi AS na SS, na hakioni kasoro nyingine za himoglobini ambazo zikikutana na sikoseli huleta ugonjwa. Kipimo cha elektroforesisi huzitenganisha himoglobini na kuonyesha unazo zipi. Kama umeongezewa damu miezi 3 au 4 iliyopita, sema, kwa sababu utapimwa damu ya mtu mwingine.

Tatu, kama umeshanunua kifurushi cha nyumbani, usikitupe, lakini usikifanye hakimu. Hutafuta kasoro zile tu kilizotengenezewa, na nyingi zilichaguliwa kwa kuangalia watu wa asili ya Ulaya. Kikikuambia huna kitu, hatari imepungua, haijaisha. Kikikuambia wewe ni mbebaji, thibitisha hospitalini.

Nne, jua habari zako zinakwenda wapi. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe ya Marekani, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Hapa kwetu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za vinasaba na za afya kuwa nyeti. Majibu ni yako. Mwajiri, mwenye nyumba, hata shangazi wa mchumba, hawana haki ya kuyafungua bila ridhaa yako.

Mtaniuliza, mkipata wote ni AS, mnaachana? Hakuna sheria ya Kenya inayowalazimisha kupima wala kuachana. Saudi Arabia, ambako wengi wetu tuna ndugu wanaofanya kazi, ilianza kulazimisha wachumba kupima mwaka 2004, lakini hata huko uamuzi wa kuoana umeachiwa wenyewe. Wapo wanaoachana, na si dhambi. Wapo wanaoasili mtoto. Wapo wenye uwezo wanaopima mimba mapema au kuchagua kiinitete maabara, lakini gharama ni kubwa na nafasi ni chache. Na wapo wanaoamua kuzaa wakijua.

Kujua kunabadilisha mengi. Mtoto wa wazazi wanaojua hupimwa akiwa mchanga. Akiwa SS, huanza penisilini mapema, kabla homa ya kwanza haijamchukua, na huendelea nayo hadi afike miaka 5. Hukamilishiwa chanjo, hulindwa dhidi ya malaria, na daktari anaweza kumwanzishia haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Mtoto wa wasiojua huzungushwa na dawa za malaria na za baridi yabisi, na wengi huzikwa kabla ya miaka 5 bila ugonjwa wao kutajwa jina.

Sisi tulikaa na muuguzi mshauri mara tatu, tukalia, tukaoana. Tuna binti mmoja. Alipimwa akiwa na siku chache tu. Ni AS, kama sisi. Hatukupata hivyo kwa ujanja, sarafu ndivyo zilivyoanguka. Kuhusu mtoto wa pili bado hatujakubaliana. Yeye anataka, mimi naogopa, na wiki ijayo tunarudi kwa mshauri. Nawaambia hivi ili msidhani kupima kunamaliza maswali. Kunawapa muda wa kuyajibu mkiwa wawili, mkiwa na akili tulivu, kabla mtoto hajaanza kulia usiku.

Kwa hiyo vijana, mnapopanga posa na ukumbi, pangeni na siku ya kwenda kupima, na mwende pamoja. Nyinyi mlio na watoto tayari hamjachelewa: pimeni kabla ya mimba inayofuata. Wahudumu wa afya ya jamii wa wadi hii wameketi pale mlangoni. Muwaulize lolote, hata lile mnaloona haya kuuliza hapa mbele ya watu.