Mlaji Anapoandika Juu ya Alichokula

Mazungumzo ya elimu kwa mlaji na wakazi wa Kata ya Zuzu, Jiji la Dodoma



Katika kazi yetu neno tunalolitumia kila siku ni "mlaji". Sheria inapolitaja haimaanishi anayekula tu, bali kila mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake, iwe bati, saruji, simu au nauli ya basi. Leo tunalirudisha neno hilo mezani, kwenye maana yake ya kwanza. Tumekuja kuzungumza juu ya mtu aliyekula mgahawani, akatoka, akashika simu yake na kuwaandikia wengine habari za chakula alichokula.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji huu ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, migahawa imeongezeka na ladha zimeongezeka pamoja nayo. Mkazi wa Zuzu aliyekulia ugali wa uwele na mlenda anaweza leo kwenda mjini akawekewa mbele yake samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi, au kamba waliokaangwa kwa kitunguu saumu, katika mgahawa wa Kichina. Akirudi nyumbani huandika, na wapo waliokwisha kuufanya uandishi huo kuwa kazi.

Maneno hayo husomwa na watu walio na mambo mazito ya kuamua. Yupo mama ambaye mwanawe hudhurika akila kamba. Yupo mwenye mgahawa aliyekopa fedha ili afungue jiko. Andiko moja lililoandikwa ovyo laweza kumfikisha wa kwanza hospitalini, na lingine laweza kumfungia wa pili biashara isiyo na kosa. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Barua moja na uvumi wa miaka mingi

Tuanze na kisa cha kweli. Mwaka 1968 daktari mmoja nchini Marekani, Robert Ho Man Kwok, aliandika barua fupi katika jarida la New England Journal of Medicine. Alieleza kwamba kila alapo katika migahawa ya Kichina ya huko huhisi ganzi shingoni, udhaifu wa mwili na mapigo ya moyo kwenda mbio. Hakutoa hukumu. Aliuliza tu kama sababu yaweza kuwa mchuzi wa soya, mvinyo wa kupikia, chumvi nyingi, au kiungo cha unga mweupe kiitwacho monosodiamu glutamati, ambacho wengi wetu hukijua kwa jina la kibiashara la Ajinomoto.

Swali la daktari likageuzwa kuwa jibu. Hali ile ikapewa jina la ugonjwa wa migahawa ya Kichina, na wapishi wengi wakalazimika kubandika matangazo kwamba hawatumii kiungo kile. Lakini kiungo chenyewe kilitambuliwa mwaka 1908 na mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, katika supu ya mwani, na asili yake imo hata katika nyanya tunazopikia kila siku. Baadaye yalifanywa majaribio ambayo mtoaji na mlaji wote hawakujua ni chakula kipi chenye kiungo hicho, na hayakuthibitisha madhara yale kwa uthabiti. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hukihesabu miongoni mwa viungo salama. Hata hivyo uvumi uliendelea kwa miaka mingi.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa anayeandika juu ya chakula cha watu, methali hiyo haitoshi. Aandike alichokiona, alichokionja na alichoambiwa alipouliza. Alichokisikia njiani akiache njiani. Pia tunasema samaki mmoja akioza, wote huoza. Ndani ya jokofu ni kweli. Kwa wenye migahawa si kweli: kosa la jiko moja la Kichina si kosa la majiko yote ya Kichina, kama ambavyo kosa la baa moja ya nyama choma halizichafui zote.

Kila chakula na kipimo chake

Ninyi mnaujua mlenda. Fikirini mgeni aliyeuonja mara ya kwanza, kisha akaandika kwamba ni mboga mbovu kwa kuwa inateleza na kuvutika. Mtamcheka, kwa maana utelezi ndio sifa ya mlenda.

Nasi tujihadhari tusiwe mgeni huyo. Samaki wa mvuke katika upishi wa Kichina huletwa mzima, na kichwa chake, ili mlaji amwone. Rangi yake ni nyeupe kwa kuwa hakukaangwa, na chumvi huwa ndogo ili ladha ya samaki isifunikwe. Kuandika "hakuiva, hana rangi" ni kumhukumu kwa sheria za kikaango. Swali la haki ni hili: je, nyama iliachana na mfupa bila kushikilia, na ilibaki laini? Mwandishi asiyekijua chakula amwulize mhudumu kinavyopaswa kuwa, kisha aseme wazi kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kukila. Kusema "sikukipenda" ni haki yake kamili. Kusema "ni kibovu" ni madai yanayohitaji ushahidi.

Samaki aliyesafiri

Dodoma iko mbali na bahari. Kamba na ngisi hutoka pwani, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Sangara na sato hutoka Ziwa Viktoria, au sato hutoka karibu zaidi, Bwawa la Mtera. Kwa hiyo mazao mengi ya bahari hapa hufika yakiwa yamegandishwa, na kugandishwa si aibu. Samaki aliyegandishwa upesi na kuhifadhiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri ni bora kuliko aitwaye "mbichi" aliyelala juani. Kosa ni kuandika katika orodha ya vyakula kwamba amevuliwa leo ilhali ametoka jokofuni, au kuuza sato wa ziwani kwa jina na bei ya samaki wa bahari.

Hapa Zuzu kipo kituo kikubwa cha kupoza umeme. Samaki naye ana haja ya kupozwa, na umeme ukikatika kwa saa nyingi mwenye mgahawa lazima awe na barafu au jenereta. Samaki mbichi akae karibu na nyuzi sifuri, asizidi nyuzi 5. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Jodari na vibua wakikaa katika joto hujenga sumu ya histamini, ambayo moto wa jiko hauiondoi. Aliyeila huweza kuwashwa, kuwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa baada ya muda mfupi. Mwandishi anayeuliza "samaki huyu ametoka wapi, na amehifadhiwaje?" huwasaidia wasomaji wake kuliko anayesifu mapambo ya ukutani.

Kilichofichika ndani ya mchuzi

Mchuzi wa chaza huweza kuwekwa hata katika mboga za majani. Yapo majiko yanayotumia mafuta ya nguruwe au mvinyo wa kupikia. Kwa mwenye mzio wa kamba au chaza hilo ni jambo la uhai. Kwa Mwislamu ni jambo la imani. Kwa hiyo tusiandike "chakula halali" au "hakina kamba" kwa kukisia. Tuandike: "Tuliuliza, tukajibiwa hivi." Na asiyeuliza akiri kwamba hakuuliza.

Nani alilipa?

Wapo wanaoalikwa kula bure, na wapo wanaolipwa ili wasifu. Mwaliko si dhambi, bali kuuficha ni kumpotosha msomaji. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Mfanyabiashara anayenunua sifa za uongo hujiweka katika hatari ya kuivunja. Mwandishi aseme mstari wa kwanza: "Tulialikwa" au "Tulilipa wenyewe." Kadhalika asitumie kalamu kama fimbo, akimtisha mwenye mgahawa kwamba asipomlisha atamchafua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha habari ambazo mtu anajua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kudanganya umma.

Kuhusu bei, samaki anapouzwa kwa kilo, ulizeni kama amepimwa kabla au baada ya kusafishwa, na muombe mpimiwe mbele yenu. Ulizeni pia kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei. Daini risiti ya mashine ya kielektroniki, maana ndiyo ushahidi wa siku, saa na kiasi mlicholipa.

Mfano wa andiko la haki

Tuseme mtu ameandika hivi: "Tulikwenda Jumamosi saa mbili usiku, watu watatu, tukalipa wenyewe. Tuliagiza sato wa mvuke, kamba wa kitunguu saumu na wali. Tuliambiwa sato ni wa Mtera na kamba waligandishwa. Sato aliiva vizuri, chumvi ndogo kuliko tulivyozoea. Kamba walikaa motoni mno wakawa wagumu. Tulimweleza mhudumu, naye akatuletea wengine. Tumekwenda mara moja tu." Andiko hilo ni fupi, lakini msomaji anajua la kufanya, na mpishi naye anajua la kurekebisha.

Penye kosa la kweli

Mkiona samaki ananuka, au mkiugua baada ya kula, simu isiwe mahali pa kwanza pa kukimbilia. Nendeni kituo cha afya. Mwelezeni mwenye mgahawa. Tunzeni risiti na picha ya chakula, bila kupiga sura za watumishi na wateja wasioridhia. Kisha toeni taarifa kwa afisa afya wa kata, au kwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula. Madai ya kupotoshwa yapelekwe Tume ya Ushindani, na ya vipimo yapelekwe Wakala wa Vipimo. Andiko huonya wasomaji wake. Afisa anaweza kuingia jikoni na kulikagua jokofu, na hivyo kuwalinda hata wasiosoma.

Ndugu zetu, haki ya mlaji ya kusikilizwa imetambuliwa duniani kwa miaka mingi, nayo ni yenu pia. Haki hiyo ina nguvu kwa kadiri neno la mlaji linavyoaminika. Kuleni, ulizeni, andikeni kweli.