Kabla ya Kukabidhi Kodi: Nyumba ya Kupanga Fumba na Haki ya Anayeitafuta



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa madalali: namna ya kupata nyumba ya kupanga, na namna ya kumjua mwenye nyumba kabla ya kumpa fedha. Huenda mtu akauliza, Haki na Amani inahusianaje na kodi ya chumba? Inahusiana sana. Mwaka 1987, ambao Umoja wa Mataifa uliuweka kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya tatizo la nyumba. Wengi wetu tulio hapa Unguja tumeletwa na kazi: ualimu, uashi, ulinzi, hoteli, biashara ndogo ndogo. Mtu aliyeletwa na kazi hutafuta paa kabla ya kutafuta rafiki, na katika haraka hiyo ndipo anapodhulumiwa.

Basi tufuate njia yetu ya siku zote: tuone, tupime, kisha tutende.

1. TUONE HALI ILIVYO

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ikawahesabu 893,169. Maana yake ni kwamba kwa miaka kumi wameongezeka karibu watu 300,000, na kila mmoja wao hulala mahali fulani usiku.

Mji Mkongwe hauwezi kuwapokea. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na nyumba zake hazivunjwi wala kupandishwa ghorofa ovyo. Nyingi zimegeuzwa nyumba za wageni, na nyingine zimechoka. Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al Ajaib ikiporomoka, nalo ni jumba la Serikali. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yamekwisha kujaa zamani. Kwa hiyo mji umetambaa kusini, ukapita uwanja wa ndege, ukaingia Maungani, Kombeni, Dimani, Nyamanzi na Bweleo, hata ukafika Fumba.

Fumba ni rasi ya mawe ya matumbawe, na wenyeji wake ni wavuvi na wakulima. Tangu miaka ya 1990 eneo lake limetengwa kuwa ukanda huru wa uchumi, na kuanzia katikati ya miaka ya 2010 yamesimama huko majengo mapya ya nyumba za kuuza. Leo Fumba ni mbili. Iko Fumba ya maghorofa, ambayo wanunuzi wake wengi wanaishi mbali na hununua ili wapangishe wageni. Na iko Fumba ya matofali yasiyopigwa lipu, ambako mwashi, mlinzi na mfagiaji hupanga chumba kimoja chenye choo cha pamoja uwani. Wanaoijenga Fumba ya kwanza hulala katika Fumba ya pili, na kila ghorofa jipya linapoanza, chumba cha uwani hupanda bei.

2. TUPIME: JAMBO HILI SI GENI

Ugomvi wa kodi una historia ndefu katika kisiwa hiki. Zamani za ukoloni, watu wengi wa Ng'ambo walimiliki vibanda walivyojijengea wenyewe, lakini ardhi iliyo chini ya vibanda ilikuwa ya wengine, ama matajiri ama wakfu. Kodi ya ardhi ilipopanda, wakazi waliungana wakakataa kuilipa. Hiyo ilikuwa mwaka 1928. Mombasa nako nyumba bila ardhi zimeendelea kuwatia watu mashakani hata leo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma, na Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992 imeithibitisha hali hiyo: ardhi imo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na mtu binafsi hupewa haki ya kuitumia. Anayetupangisha, basi, ana jengo na ana haki ya matumizi. Haki hiyo ina ushahidi wake, na kuuliza ushahidi huo si utovu wa adabu. Tunapouliza kwa upole, mwenye nyumba mwaminifu hafadhaiki.

3. NI NANI HASA ANAYETUPANGISHA?

Wanaojitambulisha kuwa wenye nyumba ni wa namna nyingi, na kila mmoja ana swali lake.

(a) Mwenyewe, anayeishi hapo hapo au jirani. Huyu ndiye rahisi kumjua. Majirani watatuambia anavyoishi na wapangaji.

(b) Msimamizi wa mtu aliye mbali, Dar es Salaam, Maskati au Dubai. Tumwombe barua ya mwenyewe inayompa mamlaka ya kupangisha na kupokea fedha, na tuzungumze na mwenyewe kwa simu mbele ya shahidi.

(c) Mrithi. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuchukue mfano. Mwalimu amepata nyumba ya chumba na ukumbi kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, naye ametakiwa kulipa mwaka mzima, yaani 1,800,000. Anayempokea ni kijana mpole, mtoto wa marehemu. Miezi miwili baadaye anafika dada mkubwa kutoka Pemba na ndugu wengine wawili. Mirathi haijagawiwa, wao hawakuulizwa, na wanataka nyumba iuzwe. Dada hakukosea, kwa kuwa ana sehemu yake halali. Mwalimu naye hakukosea, kwa kuwa amelipa. Aliyekosa ni kijana, na fedha amekwisha kuzitumia. Swali la kuuliza mapema ni moja: “Je, mirathi imegawiwa, na wenzako wameridhia?” Jibu liwe la maandishi, lenye majina ya warithi wenyewe.

(d) Mpangaji anayepangisha kwa mpangaji. Muda wake ukiisha, wetu nao umekwisha, hata kama tulilipa zaidi. Tuone mkataba wake, na ridhaa ya mwenye nyumba.

(e) Nyumba ya wakfu. Hizi zina msimamizi wake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au mtu aliyewekwa kihalali. Tuulize huko.

Na dalali? Dalali ni mtu wa kutuonesha njia, na anastahili ujira wake. Lakini dalali si mwenye nyumba, na nyumba moja yaweza kuoneshwa watu kumi kwa siku moja. Tukubaliane ujira wake kabla ya kuanza kutembea, tumlipe mkataba ukishatiwa saini, na kodi asiipokee yeye.

4. HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, twende kwa sheha. Sheha anaijua shehia yake, anajua nyumba ipi ina kesi, na mkaazi mpya anapaswa kujulikana kwake tangu mwanzo. Asiende peke yake anayetafuta nyumba. Aende na kiongozi wa jumuiya au na jirani mwenyeji.

Pili, tumtafute mpangaji aliyehama. Maneno yake mawili matatu yana thamani kuliko ahadi nyingi. Tumuulize: alihama kwa nini, na alirudishiwa kilichobaki?

Tatu, tuiangalie nyumba mara mbili, mchana na jioni. Jioni ndipo tutakapojua kama maji yanatoka na kama njia inapitika. Mwamba wa Fumba una matundu. Kisima kilicho karibu na pwani huweza kuwa cha chumvi, na karo lililo karibu na kisima huyachafua maji ya wote. Kisiwa hiki kimekwisha kuonja kipindupindu zaidi ya mara moja, kwa hiyo swali la karo liko wapi na kisima kiko wapi si la kuonea haya. Tutazame pia mita ya Tukuza: ni ya nyumba yetu peke yetu, au tunashiriki na wengine? Kama tunashiriki, nani ananunua umeme na kwa hesabu gani?

Nne, mkataba uandikwe kwa Kiswahili, katika nakala mbili, mbele ya mashahidi wa pande zote. Utaje majina kamili na vitambulisho, nyumba ilipo, kodi na muda, nani anatengeneza paa au bomba likiharibika, notisi ya kuhama ni ya siku ngapi, na kodi iliyobaki itarudishwaje. Kodi itajwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa dola, na mshahara wetu wenyewe ni wa shilingi.

Tano, fedha zipite benki au katika simu, kwa jina lile lile lililo katika mkataba. Mtu akituhimiza tulipe taslimu leo hii kwa kuwa “kuna mwingine anakuja saa kumi,” hiyo peke yake ni sababu ya kungoja hadi kesho.

5. TUWE WAADILIFU PANDE ZOTE

Kodi ya mwaka mzima ni mzigo mkubwa kwa mwenye mshahara wa mwezi. Hata hivyo tuelewe inakotoka. Mwenye nyumba wa Bweleo au Dimani mara nyingi hajapata mkopo wa benki. Kodi ya mbele ndiyo inayomnunulia mabati ya chumba cha pili. Kwa maneno mengine, mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila faida. Tukilijua hilo, tuna hoja ya kuzungumza naye: tuombe miezi sita badala ya kumi na miwili, au tuombe bei ipungue, au tukubaliane kwa maandishi kwamba matengenezo tutakayoyafanya yatakatwa katika kodi.

Sisi nasi tuna wajibu. Wengi wa wenye nyumba hapa ni Waislamu, na nyumba ni heshima ya mtu. Tuulize mapema juu ya vyakula, vinywaji, wageni wa usiku na mwezi wa Ramadhani. Tukiona hatuwezi kuyashika masharti, tutafute kwingine kwa amani. Na wale miongoni mwetu wenye vyumba vya kupangisha tujichunguze. Je, tumemnyima muuguzi chumba kwa sababu ni mwanamke asiye na mume? Je, tumepandisha kodi katikati ya mkataba kwa kuwa jirani kapandisha? Dhuluma haina dini wala kabila.

6. TUTENDE PAMOJA

Mtu mmoja mwenye haraka hana nguvu mbele ya soko, bali jumuiya inayo. Tunapendekeza mambo matatu. Kila jumuiya iwe na daftari la nyumba zilizokwisha kuulizwa kwa sheha na kwa majirani. Kila jumuiya iteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kumsindikiza mgeni anapokwenda kuona nyumba na kutia saini. Na tuanzishe mfuko mdogo wa kukopeshana kodi ya mbele, urudishwe mwezi kwa mwezi.

Mgogoro ukizuka, tuanze kwa sheha na wazee. Ukishindikana, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu mwaka 1992, na migogoro ya ardhi ina Mahakama yake, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Tusivunje mlango, wala tusikubali kuvunjiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliyepoteza kodi mwaka huu, na nani alimsaidia?
2. Ni nyumba zipi tunazoweza kuziandika katika daftari letu kabla ya masika?
3. Wenye nyumba wa hapa wanatulalamikia nini sisi wapangaji, na tutawajibu kwa matendo gani?