Kifusi Kilicho Chini ya Sakafu

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho ukishahamia katika nyumba yako hutakiona tena, mpaka siku kitakapokuletea balaa. Kitu chenyewe ni kifusi, yaani ule udongo unaojazwa ndani ya msingi kabla ya kumwagwa zege la sakafu.

Wengi wetu tunaojenga mjini tunajua bei ya saruji, nondo na bati kuliko tunavyojua umri wa shangazi zetu. Lakini udongo hatuuliziulizi. Mtu haulizi ni udongo gani. Anauliza ni lori ngapi.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Mwaka 2011 nilijenga vyumba viwili kwenye kiwanja cha mteremko, pembezoni mwa Dar es Salaam. Upande wa chini msingi ulipanda karibu mita moja. Fundi aliniambia, "Bosi, hapa pasiposhindiliwa patakuja kutuaibisha." Alitaka mashine ya kukodi na vibarua wa siku tatu. Nikapiga hesabu, nikaona fedha hiyo inatosha kununua milango. Tukamwaga kifusi chote kwa siku moja, tukakimwagia maji ya boza, nikasema mvua itamalizia kazi.

Mvua ilimalizia kweli. Masika ya pili ufa ulikata chumba cha watoto kutoka pembe hadi pembe. Ukigonga kwa kisigino, sakafu inalia kama ngoma. Tulipovunja, mkono wangu ulipita kati ya zege na udongo mpaka kwenye kiwiko. Watoto walilala sebuleni kwa miezi miwili, nami nikalipia sakafu moja mara mbili. Fundi hakuwa na kosa. Milango ilikuwa mizuri, lakini wazee walishasema: nyumba njema si mlango.

Sasa, ndugu msikilizaji, kwa nini udongo hushuka? Udongo uliomwagwa kutoka kwenye lori umejaa nafasi za hewa kati ya chembe na chembe. Kushindilia ni kuitoa hewa hiyo kwa nguvu, leo, kabla ya zege. Usipoitoa wewe, uzito na maji vitaitoa baadaye, nawe umeshalala juu yake.

Kwanza ni kuchagua. Usikubali udongo wa juu wenye mizizi na majani, kwa maana vitu hivyo huoza na kuacha mashimo. Usikubali kifusi kilichochanganyika na takataka. Zaidi ya yote, ukatae ule udongo mweusi wa mbugani, ambao hunata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Huo ukilowa huvimba na kuinua sakafu, ukikauka hunywea na kuiacha ikining'inia. Unaotakiwa ni wa kichanga au changarawe, wenye udongo laini kidogo wa kuushikisha. Jaribio lake ni jepesi: tia udongo kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, kisha iweke chini. Mchanga hutua upesi. Maji yakibaki kama uji kwa saa nyingi, ujue mfinyanzi ni mwingi.

Pili ni unyevu. Mwaka 1933 mhandisi wa Marekani, R. R. Proctor, aliyeshughulikia mabwawa ya udongo huko California, alieleza kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho kwacho hushikamana vizuri kuliko vyote. Ukiwa mkavu, chembe hukwaruzana na kukataa kusogea. Ukilowa mno, maji hukaa mahali ambapo chembe zingekaa. Kwa mkono, finyanga donge. Likisambaratika, ongeza maji. Likikuachia maji kiganjani, subiri likauke. Likishikamana, kisha likavunjika vipande vichache, anza kazi.

Tatu ni tabaka. Mashine ndogo haifikishi nguvu zake chini sana. Kwa hiyo mwaga sentimita 15, shindilia, ndipo umwage nyingine. Kwa gogo la mkono punguza hadi sentimita 10. Pembeni mwa kuta, ambako mashine haifiki, ndiko nyufa nyingi huanzia. Huko mkono ufanye kazi. Lakini ukuta wa msingi uwe umeshakomaa, usije ukasukumwa nje.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 4, kinachoinuliwa sentimita 60. Kikishashindiliwa kifusi chake ni mita za ujazo 9.6. Kwa kuwa udongo hupungua, utahitaji kama 12 ulio huru. Hizo ni tabaka tano. Fundi akikuambia amemaliza kabla ya chakula cha mchana, muulize amezipitia lini zote tano.

Kwenye majengo makubwa mhandisi hachukui maneno ya mtu. Huchimba kishimo kwenye tabaka, hupima uzito wa udongo uliotoka na ujazo wa kishimo, kisha hulinganisha na kipimo cha maabara. Mara nyingi hutakiwa asilimia 95. Wewe wa vyumba viwili huenda huna maabara, lakini una macho. Kisigino kikizama, tabaka hilo halijaiva.

Ndugu msikilizaji, siku ya kumwaga zege jamaa na marafiki huja, na soda hunywewa. Siku ya kushindilia haji mtu. Kuna vumbi na kelele tu. Nakuomba mwenye nyumba uje siku hiyo, usimame hapo mpaka tabaka la mwisho.

Hadi juma lijalo, kwaherini.