Siti binti Saad na Kwaya Yetu
(Maneno ya walimu siku ya ukumbusho, Kimaka)



Walimu tumepewa dakika chache kabla kwaya haijaimba, nasi tumechagua habari za mwimbaji. Wageni huenda wanamfahamu Marian Anderson, Mmarekani mweusi aliyenyimwa ukumbi mjini Washington mwaka 1939 kwa sababu ya rangi yake, akaimba nje mbele ya watu wapatao 75,000. Huku kwetu tunaye Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watumwa wenye asili ya bara, na jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Fikirini kuitwa hivyo kila siku kisimani! Alifinyanga vyungu, akavitembeza akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa na wanamuziki wa taarabu. Wakati ule taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, hata wachukuzi na wapishi wakaelewa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi nyimbo katika santuri.

Sifa hizo ziliwachoma wengine. Walitunga wimbo wa kumsimanga kwamba alikuja mjini na kaniki, nguo ya watumwa, tena hana sura wala ukoo. Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba mtu apimwe kwa akili yake. Alifariki mwaka 1950. Waliomsimanga hatuwajui hata majina.

Tunayasema haya kwa kuwa juma lililopita baadhi ya wazazi walitujia usiku. Walitaka binti anayeongoza kwaya asisimame mbele, kwa sababu ya kabila la baba yake. Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tukajibu kwamba tutafikiri. Tulifikiri siku mbili nzima, na binti akaacha kuja mazoezini. Aibu hiyo ni yetu. Jumamosi tulikwenda kwa mama yake, tukakaa mkekani, tukaomba radhi. Alituuliza neno moja tu: "Walimu, mnamwogopa nani?" Hatukuwa na jibu.

Leo binti amekuja. Ndiye atakayeanzisha wimbo, katikati ya mstari wa mbele. Tunaomba wanaume mlioketi kwenye mabenchi muwapishe akina mama wenye watoto, kisha tusikilize.