Daktari Kijana na Ujasiri wa Kuita Msaada

Wasikilizaji wengi walilisikia jina la Macquarie Fields, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Sydney, Australia, wakati wa ghasia za Februari 2005. Makala haya yanakitaja kwa sababu nyingine. Kitongoji hicho kiko kati ya hospitali mbili, Liverpool kaskazini na Campbelltown kusini, ambako madaktari vijana hujifunza kazi.

Nchini Australia, kama ilivyo Kenya na Tanzania, daktari aliyehitimu hufanya kazi kwanza chini ya usimamizi. Mtihani wake mgumu huja usiku: mgonjwa anapumua kwa kasi, shinikizo la damu linashuka, na daktari bingwa amelala nyumbani. Amwamshe, au asubiri? Zamani wengi walisubiri, wakihofia kuonekana hawaijui kazi. Kikosi cha dharura kiliitwa moyo ulipokwisha kusimama, na mara nyingi muda ulikuwa umepita.

Mwaka 1990, kwa juhudi za Profesa Ken Hillman na wenzake, hospitali ya Liverpool iliubadili utaratibu huo. Viliwekwa viwango vya mapigo ya moyo, pumzi, shinikizo la damu na fahamu. Kiwango kimoja kikivukwa, muuguzi au daktari kijana yeyote ana haki ya kuita wataalamu, bila kuomba ruhusa ya mkubwa wake. Tangu mwaka 2010 utaratibu wa namna hiyo unatumika katika hospitali za umma za jimbo zima la New South Wales.

Hata hivyo, kanuni peke yake haitoshi. Utafiti katika hospitali 23 za Australia, uliochapishwa mwaka 2005, haukuonyesha kwamba vikosi hivyo vilipunguza vifo kwa kiasi cha kuridhisha. Ilibainika pia kuwa mara nyingi dalili zilikuwepo, lakini kikosi hakikuitwa.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wodini, daktari ndiye anayeficha, lakini anayeumia ni mgonjwa.

Ndiyo maana jibu analopewa daktari kijana anapoita kwa mara ya kwanza lina uzito mkubwa. Akikaripiwa, safari ijayo atanyamaza. Akipokewa vema, atasimama kando ya kitanda na kuwatazama wataalamu wakifanya kazi, na siku nyingine atajua la kuanza nalo kabla hawajafika. Hivyo ndivyo kujiamini kwake kunavyokua, zamu baada ya zamu.