Mzee Anaposahau: Mazungumzo na Jamaa za Wagonjwa

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa kusahau wa wazee.

Kwanza, ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1906, kule Ujerumani, munganga Alois Alzheimer alichunguza ubongo wa mama mmoja aliyekufa akiwa na miaka 55, akaona umenyauka. Basi mzee akikuita mwizi, ama akizungukazunguka usiku, si mulozi. Ni mgonjwa. Kumpiga ama kumpeleka kwa mfumu ni kumwongezea maumivu.

Lakini angalieni: akichanganyikiwa ghafula, kwa siku moja ama mbili, mleteni hospitali mbio. Pengine ni malaria ama ugonjwa wa mkojo, nayo inatibika. Ule wa kusahau huja polepole, na hauna dawa ya kuuponya. Dawa yake ni matunzo.

Kwetu mzee mara nyingi hutolewa kijijini, analetwa kwa mtoto wake Baraka. Nyumba haijui, njia hazijui. Basi mleteeni vitu alivyozoea: mkeka wake, kiti chake, kikombe chake. Msemesheni Kibembe, ama luga yoyote aliyokua nayo. Mara nyingi hiyo ndiyo inabaki wakati Kiswahili na Kifaransa vinapotea.

Wazee wengi wa Fizi walikimbia vita ya 1996, wakavuka ziwa, wakaishi kambini Nyarugusu, Tanzania. Usiku mzee anaweza kufunga mizigo, akisema: “Twende, wanakuja!” Usibishane naye. Siku amezikosea, lakini woga wake ni wa kweli. Mshike mkono: “Koko, niko hapa. Tunakaa pamoja.”

Ninyi mnaokaa mbali, msiseme: “Hanijui tena, niende kufanya nini?” Nendeni! Jina linapotea, lakini sauti ya upole bado anaisikia. Usimwulize: “Mimi ni nani?” kama mtihani. Taja jina lako mwenyewe, keti, mle pamoja.

Na yule binti ama mkamwana anayemtunza kila siku, nani anamtunza yeye? Asiyelala juma zima atakasirika, na hasira itamwangukia mzee. Hapo ndipo watu wanafika kumfunga kamba.

Kwa hiyo mkirudi nyumbani, fanyeni kikao cha jamaa. Nani atalala naye Jumatatu? Nani Jumanne? Nani ataleta sabuni? Kila mtu ataje siku yake kabla hamjaachana.